Mzungu wa Nne

Novemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
geti la nyuma la hoteli, Shanzu.
Geti la mbele lina maua na mtu wa kusalimu;
la nyuma lina jaa, na sisi.
Kila mmoja na bahasha yake ya plastiki:
kitambulisho, cheti cha afya,
barua ya msimu uliopita isemayo nilikuwa mwaminifu.
Mwaminifu kwa miezi minne. Ndivyo ilivyoandikwa.

Askari ahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu.
"Wa vyumba, huku. Wa jikoni, kesho.
Wewe Mtaita, wajua kukunja taulo?"
Najua. Nakunja bata, nakunja tembo,
na nikipewa taulo mbili na dakika tatu
nakunja bata wawili wanaobusiana.

Kazi nikapata. Chumba bado.

Mtopanga nzima yajua msimu umeingia
kabla ndege ya kwanza haijatua:
chumba kilicholala elfu tatu kimeamka elfu tano,
na Bi Zamzam ameongeza kufuli, amepunguza maneno.
"Amana miezi miwili. Maji mwanunua. Stima mwachanga."
Pesa yangu ilitosha nusu.
"Basi chukua usiku," akasema. "Mchana una mwenyewe."

Hivyo nikapanga usiku.
Mchana alikuwa ameupanga Nyevu wa Kaloleni,
dobi wa zamu ya usiku, hoteli ya jirani.
Godoro moja, inchi nne, halikupata kupoa.

Miezi mitano sikumjua sura.
Nilimjua kwa harufu ya sabuni ya unga mtoni,
kwa uzi mwekundu wa msuko wake shukani,
kwa karatasi alizobandika nyuma ya mlango:
*Dumu la bluu ni la kunywa. Usifulie.*
*Panya amerudi.*
*Mbaazi zimo sufuriani. Mahamri nimeyamaliza, nisamehe.*
Nami nikimjibu chini yake kwa kalamu ya hoteli.

Januari, mgeni wa chumba mia mbili na kumi na nne,
mzee mwenye magoti mabovu na mito mitano,
alinionyesha picha ya mjukuu wake:
kijana kwenye mlima mweupe kama chumvi,
koleo mkononi. Naye ni wa msimu, akasema;
theluji ikianguka hupanda kutafuta kazi,
ikiyeyuka hushuka na begi lake.
Hulala sita chumba kimoja.
"Kwa zamu?" nikamwuliza.
Hakuelewa. Nikampangia mito yake.

Masika yakapiga.
Wakafunga bawa la mashariki,
wakafunika viti vya bwawa kwa turubai,
wakatuita mmoja mmoja kwa jina la baba,
wakatupa barua: mwaminifu.

Nikafika nyumbani adhuhuri, saa isiyo yangu.
Mlango u wazi. Ameketi ukingoni mwa godoro
mwanamke mfupi kuliko mwandiko wake,
barua magotini.
"Mghoi?"
"Nyevu?"
Tukacheka. Kisha tukaliangalia godoro,
tukaacha kucheka.

Kodi imelipwa hadi tarehe thelathini.
Usiku ni wangu, mchana ni wake,
lakini dobi aliyeachishwa usiku alale wapi?
Stima ilikatika. Bi Zamzam akapita na tochi,
akachungulia, akatupima kwa mwanga:
"Laleni mzungu wa nne.
Wazungu wengine wamekwenda zao, mmebakiwa na huyo."

Tukalala. Kichwa changu miguuni pake,
chake miguuni pangu. Nyayo zake zilikuwa
zimekunjamana, nyeupe, kama zilizotoka majini sasa hivi.
Bati likivuja juu ya dumu la bluu.
"Wakoroma?" akauliza kutoka kule mwisho.
"Sijui. Sijapata mtu wa kuniambia."
"Novemba utarudi?"
Nikasikiliza dumu likijaa.
"Ukiwahi wewe," nikasema, "niwekee usiku."

Asubuhi, ingawa nilikuwa pale pale
nikifunga begi langu la Werugha,
alichukua kalamu, akasimama mbele ya mlango,
akaandika:
*Wakoroma.*